Kabla ya mdahalo wa Ijumaa

Mdahalo wa shule hauharibikii ukumbini. Kengele ya saa nane na nusu inapogongwa na viti kuanza kuburutwa, mengi yameshaamuliwa: nani ataongea, nani atanyamaza, nani atachekwa. Nafundisha Kiswahili katika shule ya kata ya kutwa, na nimekuwa mlezi wa klabu ya midahalo kwa miaka kadhaa. Karibu yote ninayoyaandika hapa nimeyajua baada ya kukosea.

Anza na mada. "Mwalimu ni bora kuliko daktari" na "Maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini" zilikuwepo tangu sisi tukiwa wanafunzi, na hoja zake zinarithiwa kama sare, kaka akimaliza anamwachia mdogo wake. Tafuta jambo linalowagusa, ambalo hata wewe mwalimu huna uhakika nalo: mchango wa chakula cha mchana, simu shuleni, kambi ya kidato cha nne kabla ya mtihani. Ibandike ubaoni Jumatatu. Mada inayotangazwa Alhamisi jioni ni ya wale watatu wanaoongea siku zote.

Kisha lugha, na hapa naomba tukae kidogo. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu. Akiingia kidato cha kwanza, hisabati, baiolojia na jiografia zote zinageuka. Juu ya hapo tunampandisha jukwaani na kumwambia apinge hoja kwa Kiingereza, tena papo kwa papo, halafu tunamwita mwoga akinyamaza. Mimi siku hizi mada moja naipa Ijumaa mbili. Ya kwanza wanajadili kwa Kiswahili, wanagombana mpaka hoja zinaiva. Katikati ya wiki tunaandika ubaoni maneno kumi au kumi na mawili waliyoyahitaji, pamoja na namna mbili tatu za kusema "sikubaliani na mzungumzaji aliyetangulia". Ijumaa ya pili wanarudia kwa Kiingereza. Wenzangu wengine wanaona napoteza wiki. Ila mwenye hoja hutafuta maneno mpaka ayapate, na asiye na hoja hata umpe kamusi nzima atasimama tu pale.

Wazungumzaji wakishapatikana, wanyang'anye karatasi. Kuna mwaka mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alikariri hotuba yote, neno kwa neno, nami nikamsifu kwa bidii. Jukwaani sentensi moja ilimponyoka na zote zilizofuata zikaondoka nayo. Ukumbi ukaangua kicheko. Hakusimama tena mpaka anamaliza shule, na kosa lilikuwa langu. Sasa kila mmoja anapanda na kipande cha karatasi cha ukubwa wa kiganja, chenye hoja tatu na mfano mmoja kwa kila hoja. Dakika tatu ni kama ukurasa mmoja wa kaunta buku ukisomwa bila haraka, kwa hiyo wajipime nyumbani. Na zile salamu za "mheshimiwa mwenyekiti, jopo la waamuzi, mtunza muda makini, wanafunzi wenzangu" zipunguzwe, maana nimeshuhudia mtu akigongewa kengele bado anasalimia.

Kicheko nacho kiwekewe utaratibu mapema. Wachekeshwe na hoja, hilo ni ruksa. Kumcheka anayechanganya r na l, au anayevuta maneno kwa lafudhi ya kwao, mwenyekiti amkatize mchekaji palepale, na awe ameshafundishwa sentensi ya kusema. Mwenye kigugumizi muulize faraghani, si mbele ya wenzake, kama anapenda kuzungumza. Akikubali, mwongezee muda na waagize wengine wasimmalizie maneno. Asiyesikia vizuri akae mbele.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni wasikilizaji. Ukumbi wa watu mia mbili una wazungumzaji wanane, na waliobaki tunawaacha wakipigana vikumbo. Weka sharti moja: anayetaka kupinga kutoka sakafuni aeleze kwanza mwenzake amesema nini, na huyo mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Mara ya kwanza mdahalo utakwenda kwa mwendo wa kobe. Wengi watagundua walikuwa wanapinga kitu ambacho hakuna aliyekisema. Mara ya tatu utaona kalamu zinatoka mifukoni zenyewe.

Wasichana tazama tunawaweka wapi. Kwetu walikuwa makatibu kila wiki, eti wana mwandiko mzuri, na wavulana ndio wazungumzaji. Zungusha nafasi hizo kwa orodha, isiwe kwa kujitolea. Na kwa kuwa nyumbani wengi wamelelewa kutojibizana na wakubwa, na binti anayeongea sana anaambiwa ana domo, nawaeleza mapema kwamba wanaweza kunipa shikamoo mlangoni na kunipinga ndani. Siku ya kwanza hawaniamini. Inabidi mwalimu apingwe kweli, na asikunje uso.

Mengine ni madogo. Kama ukumbi ni wa bati, masika usipange mdahalo mchana bila chumba mbadala, mvua ikianza hakuna sauti itakayosikika. Wanaotembea mbali wawe wameondoka saa kumi. Waamuzi wajue vigezo kabla, na usikilizaji uwe na alama zake.

Mwisho, tafuta daftari. Andika majina ya waliozungumza kila Ijumaa, hata aliyesema sentensi moja. Ikifika mwisho wa muhula wa kwanza, lifungue na mwalimu wa darasa, mkianzia na majina ambayo hayamo.