Somo: Knossos, Phaistos na meza ya Krete kwa siku tatu

Somo hili ni kwa anayefikia Heraklion, mji mkuu wa kisiwa cha Krete, Ugiriki. Miezi mizuri ni Aprili, Mei, Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua ni kali na kwenye magofu kivuli ni haba.

Hatua ya 1: Anza na makumbusho

Wengi hukimbilia Knossos, magofu ya kasri kubwa la kale, siku ya kwanza, wakatoka wamechoka na hawajaelewa walichokiona. Nenda kwanza Makumbusho ya Akiolojia ya Heraklion, mchana wa kufika. Michoro ya ukutani utakayoikuta Knossos ni nakala. Ya asili iko humu, pamoja na Diski ya Phaistos, kisahani cha udongo kilichofukuliwa mwaka 1908, ambayo maandishi yake hayajasomwa mpaka leo.

Simama mbele ya mchoro wa vijana wanaomruka fahali, utazame kwa makini. Vipande vya kale vina nyufa na rangi iliyofifia. Sehemu laini zinazoviunganisha zilijazwa na mafundi wa karne ya 20. Zoeza jicho hapa, kwa sababu kesho utalihitaji.

Hatua ya 2: Knossos, saa 2 asubuhi

Ni kilomita 5 tu kutoka mjini. Panda basi namba 2 la mjini. Tiketi ya basi kata mapema kibandani, ni nafuu kuliko kwa dereva. Tiketi ya kuingilia nunua mtandaoni kabla, kwenye tovuti rasmi ya serikali, uchague saa ya kwanza kabisa.

Ukishaingia, usianze kuzungukazunguka. Nenda moja kwa moja kwenye ua wa kati, utazame Chumba cha Enzi, chenye kiti cha mawe kilichoegemea ukuta. Vikundi vya meli za watalii vikifika, foleni ya hapo huwa ndefu kupita zote. Kisha rudi taratibu kwenye maghala ya upande wa magharibi. Mle mna mitungi mikubwa ya udongo, mingine inamzidi mtu kimo, iliyohifadhi mafuta, divai na nafaka. Kwa maoni yangu maghala haya yanaeleza nguvu ya kasri kuliko kiti cha enzi.

Sasa tumia jicho la jana. Minos Kalokairinos, mwenyeji wa Heraklion, alichimba hapa kwanza, mwaka 1878. Mwingereza Arthur Evans alianza kazi yake kubwa mwaka 1900. Nguzo nyekundu zinazopungua unene kuelekea chini zilikuwa za mbao. Hizi unazoziona ni zege la Evans. Kwa hiyo ukiona ghorofa nzima imesimama, jua ni ujenzi wa karne ya 20. Sakafu, misingi na mitungi ndiyo ya Waminoa wenyewe, watu wa kale wa Krete waliojenga kasri hili.

Vaa viatu vyenye soli ya mpira: mawe yamesuguliwa na nyayo, yanateleza hata yakiwa makavu. Beba lita 1.5 za maji kwa kila mtu.

Hatua ya 3: Gortyn na Phaistos

Kodi gari, mabasi ya kusini ni machache, hasa Jumapili. Gortyn, magofu ya mji wa kale, iko njiani, kama kilomita 45. Tafuta ukuta wa sheria zilizochongwa karne ya 5 kabla ya Kristo: mstari mmoja unasomwa kulia kwenda kushoto, unaofuata kushoto kwenda kulia. Phaistos, kasri jingine la Waminoa, iko mbele kidogo, juu ya kilima. Hakuna zege la kuinua kuta, hivyo ngazi pana na ua umeachwa karibu kama ulivyofukuliwa. Anayetaka ukweli wa kasri la Kiminoa ataupata hapa.

Hatua ya 4: Meza

Asubuhi mjini kula *bougatsa* karibu na chemchemi ya Simba: andazi la tabaka jembamba lenye krimu au jibini laini. Mchana, kuanzia saa 8, agiza *dakos*. Matayarisho yake kwa mtu mmoja:

- kipande 1 cha *paximadi*, mkate wa shayiri uliokaushwa
- nyanya 2 zilizoiva sana, zikunwe, maganda yatupwe
- jibini la *mizithra* gramu 70
- mafuta ya zeituni vijiko 3 vya chakula, oregano, chumvi kidogo

Nyunyizia mkate maji kidogo sana, mimina kijiko kimoja cha mafuta, tandaza nyanya, subiri dakika 5, ndipo uweke jibini, oregano na mafuta yaliyobaki. Ukiuchovya mkate majini utakuwa uji; ukikosa kusubiri, utakuumiza meno.

Samaki wabichi huuzwa kwa kilo. Omba apimwe mbele yako kabla hajaenda jikoni. Bili nyingi za kushtua hutoka hapa.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Nina kibali cha kuishi Ujerumani. Nahitaji viza nyingine?
Marahaba. Huhitaji. Ugiriki, kama Ujerumani, imo ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Beba pasipoti na kibali, usizidishe siku 90 ndani ya 180. Kibali cha Uingereza peke yake hakikuingizi.

Sisi Waislamu tutakula nini?
Vingi, dada. Mboga za majani za kuchemsha, nyanya zilizojazwa wali, samaki wa kuchoma. Epuka *apaki* na soseji, kwa kawaida ni nguruwe. Pweza agiza wa mkaani. Akiitwa *krasato* amepikwa kwa divai. Mwisho wa mlo huletwa *raki* bila kuagizwa. Ni pombe kali. Ikatae kwa upole, hakuna atakayechukia.

Tito wa kwenye Biblia alikuwa huku?
Ndiyo, Tito 1:5 inasema Paulo alimwacha Krete. Gortyn kuna magofu ya kanisa lenye jina lake. Bandari Nzuri ya Matendo 27 iko pwani ya kusini, leo inaitwa Kaloi Limenes. Njia ina kona nyingi, usiiendee usiku.

Huku kwetu paximadi hakuna. Nifanyeje?
Kata mkate wa ngano isiyokobolewa unene wa sentimita 2, ukaushe kwenye oveni nyuzi 100 kwa saa 2 hivi, mpaka ndani ukauke kabisa. Ukitumia feta badala ya mizithra, acha chumvi.