Mtoto mchanga anatapika maziwa yanaruka mbali? Soma hapa kwanza

Jamani wazazi wenzangu wa Dar, kucheua na kutapika sio kitu kimoja. Mtoto akicheua maziwa yanachuruzika kidevuni, unafuta na khanga yameisha. Wangu wa kwanza, wa kiume, alipofika wiki 4 akawa akimaliza kunyonya tu tumbo linajikaza alafu maziwa yanaruka, siku moja yalivuka kitanda yakalowesha pazia, na hapo hapo analilia ziwa tena kama hajanyonya kabisa. Hiyo njaa ndo ya kushtukia, maana mtoto mwenye maambukizi mara nyingi ziwa hata halitaki.

Ugonjwa huu hospitali wanauita pyloric stenosis. Kinachotokea ni kwamba msuli wa pale maziwa yanapotokea tumboni kuingia kwenye utumbo unanenepa mpaka njia inabanwa. Mara nyingi inaanza kati ya wiki ya 3 na ya 6, na watoto wa kiume wanapata karibu mara 4 kuliko wa kike. Sio jicho wala sio maziwa ya mama kuwa mabaya. Sisi nyumbani tulisema mchango, tukapoteza siku tano nzima na dawa za kienyeji huku mtoto anakauka.

Akishanyonya mvue nguo mlaze chali penye mwanga, angalia juu ya kitovu, unaweza kuona kama wimbi linatembea chini ya ngozi kutoka kushoto kwake kwenda kulia. Hesabu nepi za mkojo, gusa utosi kama umebonyea, na kadi ya kliniki itakwambia kama uzito umesimama au umeshuka. Matapishi yanakuwa maziwa tu, mengine yameganda. Yakiwa ya kijani usisubiri chochote, utumbo unaweza kuwa umeziba au umejisokota, chukua bajaji saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane.

Mrekodi kwa simu akitapika, daktari akiona video hakwambii ni gesi tu. Uliza kuhusu ultrasaundi ya tumbo, wanapima unene wa huo msuli, ukifika milimita 3 au zaidi ndo ugonjwa wenyewe, na tiba yake ni upasuaji. Ukipewa rufaa ya Muhimbili kwa madaktari wa upasuaji wa watoto nenda siku hiyo hiyo.

Sasa hapa wengi tunagombana na manesi, kwamba mbona mtoto kasimamishwa kunyonya, ana dripu na mpira puani, siku ya pili hiyo hajaingia tieta (chumba cha upasuaji)? Kutapika kumetoa asidi na chumvi nyingi mwilini, na akipewa dawa ya usingizi damu haijakaa sawa anaweza kusahau kupumua. Kwahiyo wanapima damu, wanarudisha maji na chumvi, potasiamu wanaongeza akishaanza kukojoa vizuri, wakiridhika ndo anaingia.

Upasuaji wenyewe wanachana ule msuli kwa urefu bila kutoboa ngozi laini ya ndani, kwa kawaida hauzidi saa moja. Baada ya masaa machache ananyonya kidogo kidogo. Wangu alitapika mara mbili usiku ule nikalia nikidhani imeshindikana, kumbe kutapika kidogo siku ya kwanza na ya pili ni kawaida. Ila akiendelea zaidi ya hapo, au akipata homa, au tumbo likivimba, au kidonda kikiwa chekundu kinatoa usaha, mrudishe haraka.