Jinsi ya kuomba jina la tovuti ya biashara yako, hatua kwa hatua

Wengi wetu tukiamua biashara iwe na tovuti tunaanzia kwenye rangi, picha na nembo. Kumbe kazi ya kwanza ni ya fomu: kuomba jina. Nasema juu ya lile jina linaloandikwa kwenye kivinjari, lenye nukta na .com au herufi nyingine mwishoni. Mafundi huliita kikoa, wengine domeni. Kujaza fomu yake hakumalizi hata saa moja, ila mstari mmoja ukiujaza vibaya unaweza kuja kukutoa jasho miaka miwili baadaye. Yaliyonikuta nitayasimulia tukifika kwenye mstari wenyewe.

Unaomba kwa nani

Unaomba kwa msajili, yaani kampuni yenye idhini ya kuandikisha majina. Juu yake kuna mtunza daftari wa kila aina ya jina; daftari la .com, kwa mfano, linatunzwa na kampuni ya Verisign. Juu ya wote kuna ICANN, shirika lililoanzishwa mwaka 1998 kuratibu mfumo mzima wa majina ya intaneti. Orodha ya wasajili wenye idhini iko kwenye tovuti ya ICANN, na ni vizuri uipitie kabla ya kumpa mtu pesa zako.

Majina yenye herufi mbili za nchi mwishoni yana utaratibu wake. Kila nchi ina msimamizi wake na masharti yake. Kwingine yeyote anaweza kuomba, kwingine utatakiwa uthibitishe kuwa unaishi pale au biashara yako imeandikishwa pale. Soma masharti kwanza, ndipo uchapishe kadi za biashara.

Jambo moja uliweke akilini: jina halinunuliwi, linakodiwa. Tunasema "nimenunua domeni" kwa mazoea tu. Unachopewa ni haki ya kulitumia kwa muda, na kwa .com muda huo ni kati ya mwaka 1 na miaka 10. Ndiyo maana bei ya kuangalia si ile ya mwaka wa kwanza iliyoandikwa kwa herufi kubwa, bali ya kuhuisha mwaka wa pili, ambayo mara nyingi iko chini kabisa kwa maandishi madogo.

Kuchagua jina

Zinaruhusiwa herufi a hadi z, tarakimu na kistari. Kistari hakikai mwanzoni wala mwishoni. Sehemu iliyo kabla ya nukta haizidi alama 63, lakini ukizifikia hizo hakuna mteja atakayeliandika jina lako. Herufi kubwa na ndogo ni mamoja.

Jaribio langu ni la simu. Mpigie mtu asiyejua chochote, mtajie jina mara moja tu, kisha mwambie aliandike akutumie. Akikuuliza "kistari cha katikati au cha chini?", jina hilo liache. Akiandika k badala ya c, liache pia. Jihadhari na .co vilevile. Ni herufi za nchi ya Colombia na watu wengi huzitumia kihalali, lakini wateja wataongeza m kwa mazoea, na barua pepe zao zitaangukia kwa mtu mwingine.

Angalia pia kama jina ni alama ya biashara ya mtu. Tangu mwaka 1999 kuna utaratibu wa usuluhishi ambao mwenye alama anaweza kuutumia kukunyang'anya jina ulilolichukua kwa nia mbaya, hata kama umelipia miaka kumi mbele. Kaa mezani na majina matatu uliyoyapanga, la kwanza likiwa limechukuliwa uende la pili papo hapo.

Fomu yenyewe

Fomu itauliza jina la mmiliki, shirika, anwani, simu na barua pepe. Mistari ni michache, na kila mmoja una uzito wake.

Kwenye mmiliki andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mstari wa shirika ujaze tu kama biashara yako imeandikishwa kisheria kwa jina hilo hilo, maana ukiujaza, shirika ndilo linalohesabiwa mwenye jina. Ukiandika jina la kibiashara ambalo halina karatasi popote, siku ya mgogoro utathibitishaje kuwa ni wewe?

Halafu barua pepe. Huu ndio mstari niliousema mwanzoni. Tovuti yangu ya kwanza ya kazi ya kushona ilitengenezwa na kijana hodari, mwenye haraka. Akaniambia, "Dada, wewe nipe pesa tu, hayo mambo ya fomu niachie mimi." Nikamwachia. Akajaza barua pepe yake na jina lake. Miaka miwili baadaye akabadili kazi, akabadili na namba. Ilani za kulipia zikaenda kwenye anwani ambayo hata yeye alikuwa ameshaiacha. Mimi nilijua siku mteja aliponitumia picha ya simu yake: pale palipokuwa na magauni pamejaa matangazo ya mikopo. Nikamwandikia msajili, nikamwambatishia risiti zangu zote. Akanijibu kwa upole kwamba kwenye daftari lao mwenye jina si mimi. Na risiti zile, nilipozitazama vizuri, zilithibitisha kitu kimoja tu: kwamba nilimlipa kijana.

Kwa hiyo akaunti ya msajili ifungue wewe, kwa barua pepe yako. Fundi mpe nafasi ya kuingia kama msaidizi. Wasajili wengi wanaruhusu hivyo. Na barua pepe hiyo isiwe ya jina hilo hilo unaloliomba. Jina likizimika, nayo inazimika, na ilani ya kukuokoa haitakufikia. Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Baada ya kulipa

Utapokea ujumbe wenye kiungo cha kuthibitisha anwani yako. Kwa majina kama .com una siku 15. Zikipita hujabonyeza, msajili hulisimamisha jina, na tovuti iliyokuwa ikifunguka jana leo haifunguki. Ujumbe huo hupenda kuingia kwenye barua taka, kwa hiyo utafute huko siku ile ile.

Kisha washa mambo matatu ndani ya akaunti: kufuli ya kuzuia jina lisihamishwe, uthibitisho wa hatua mbili wakati wa kuingia, na malipo ya kujihuisha yenyewe. Hilo la tatu huwaangusha wengi kwa sababu kadi ya benki hufika mwisho wake na hakuna anayekumbuka kuweka mpya.

Jina lisipolipiwa halipotei siku hiyo hiyo. Msajili hutakiwa kukukumbusha mwezi mmoja hivi kabla, na tena wiki moja hivi kabla. Likipitiliza, kwa .com huwa kuna muda wa hadi siku 45 wa kulilipia, kutegemea msajili wako. Akishalifuta, zipo siku 30 za kulikomboa, na hapo kwa kawaida kuna adhabu nono. Baada yake ni siku 5 za kusubiri, kisha jina liko huru kwa yeyote.

Ukipata barua yenye sura ya ankara kutoka kampuni usiyoijua, ikikuhimiza ulipie jina "kabla halijapotea", itazame kwa jicho la pili. Mara nyingi ni ujanja wa kukuhamishia kwao kwa bei ya juu. Anayekudai ni msajili wako peke yake, na deni lake utalikuta ndani ya akaunti yako.

Kuunganisha jina na tovuti

Jina peke yake ni kibao kisicho na duka. Anayekuhifadhia tovuti atakupa ama seva za majina mbili au zaidi, yaani kompyuta zinazojibu jina lako linaelekea wapi, ama nambari ya seva inayobeba tovuti yako, yenye mafungu manne yaliyotenganishwa kwa nukta. Seva za majina unaziweka kwenye akaunti ya msajili. Nambari unaiweka kwenye rekodi ya A, yaani mstari unaolielekeza jina kwenye seva ya tovuti. Usiguse rekodi za MX kama tayari una barua pepe inayofanya kazi kwa jina hilo, kwa sababu hizo ndizo zinazoelekeza barua. Kabla ya kubadili chochote, piga picha ya ukurasa mzima wa rekodi. Imeniokoa zaidi ya mara moja.

Mabadiliko huenea kwa dakika au saa kadhaa, pengine hadi saa 48. Usishangae kwako ikifunguka na kwa jirani bado.

Mwisho omba cheti cha usalama, ili anwani ianze na https na kivinjari kisiwatishe wageni. Shirika la Let's Encrypt hukitoa bure, na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti hukiweka kwa kubonyeza mara moja. Uliza tu kama kitajihuisha chenyewe, kwa sababu hakidumu muda mrefu.

Sasa tafuta jina lako kwenye ukurasa wa ICANN wa kutafuta taarifa za usajili. Habari zako binafsi huenda zimefichwa, lakini jina la msajili na tarehe ya mwisho utaziona. Ziandike kwenye daftari la biashara pamoja na barua pepe uliyotumia. Kisha azima simu ya mtu mwingine, andika jina mara moja na www na mara moja bila www. Zikifunguka zote mbili, peleka kadi na vibandiko vikachapishwe.