Siki na magadi soda: povu linasafisha nini hasa?

Ukimwagia magadi soda (baking soda) siki, povu hufura mpaka mtu akadhani uchafu unang'oka. Kumbe povu lile ni siki na magadi vikimalizana nguvu. Siki ni asidi, magadi ni besi. Vikikutana hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ni maji yenye chumvi iitwayo asetati ya sodiamu, ambayo haiondoi ukoko wala mafuta.

Jionee mwenyewe:

1. Weka magadi soda gramu 7 (kijiko cha chai kimoja na nusu, cha kusawazisha) kwenye bakuli kubwa.
2. Mimina siki ya asilimia 5, mililita 100, kidogo kidogo. Ukiimwaga yote kwa mkupuo itafurika mezani.
3. Koroga, subiri povu life kabisa.
4. Tumbukiza kipande cha ganda la yai humo, na kingine kwenye siki tupu. Cha siki tupu kitavaa vipovu vidogo mwili mzima. Cha mchanganyiko kitalala kimya.

Ganda la yai na ukoko mweupe wa birika ni kitu kimoja, kalsiamu kaboneti. Kwa hiyo birika linataka siki peke yake: nusu siki, nusu maji, chemsha, zima, acha dakika 30, suuza mara mbili. Sufuria iliyoungua inataka magadi peke yake, vijiko 3 kwa kijiko 1 cha maji, upake na kuacha kabla ya kusugua. Sufuria ya alumini usiipake, itakuwa nyeusi.

Usifanye jaribio hili kwenye chupa uliyoifunga. Kiasi kile kidogo hutoa karibu lita 2 za gesi, na chupa itapasuka.

Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini ndiyo ya kuogopa. Ikikutana na siki, au na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia hutoa kloramini. Zote huunguza macho na mapafu. Hata ndoo ambayo haikusuuzwa vizuri inatosha kukuletea balaa. Harufu ikikukaba, usikimbilie kumwaga: toka nje kwanza, ukiacha mlango wazi, na usirudi mpaka hewa isafike. Kifua kikibana au kikohozi kisipokoma, nenda hospitali.