Kwenda Chatsworth na kurudi siku hiyo hiyo, na kijiji cha Edensor usikiruke

Wengi wanaenda Chatsworth, lile jumba la kale pale Derbyshire, Uingereza, wanazunguka jumba mpaka miguu inauma, wanakunywa chai, wanarudi. Kijiji kiko hapo hapo ng'ambo ya mto na hawakanyagi, wakati kile kijiji ndo kinakuelezea hao wenye jumba, ma-Duke wa ukoo wa Cavendish, walikuwa watu wa aina gani.

Usafiri kwanza. Kama huna gari panda treni mpaka Sheffield, alafu basi 218 la kwenda Bakewell, linapita Chatsworth. Ratiba angalia kabla hujatoka nyumbani, hasa ya kurudi, na Jumapili ndo uangalie mara mbili. Tiketi nunua mapema kwenye intaneti chagua muda wa asubuhi. Kama una kadi ya National Trust, lile shirika la kutunza majumba ya kale, hapa haikusaidii, jumba lina taasisi yake. Kuna Hardwick Hall si mbali, nayo ilikuwa ya ukoo huu huu wa Cavendish, ila Duke wa 10 alipofariki 1950 kodi ya mirathi ilikuwa asilimia 80, ikabidi Hardwick iachiwe serikali ndo ikaishia National Trust, kwa hiyo kule kadi yako inakubalika.

Ndani usijaribu kusoma kila kibao, utachoka kabla ya saa sita. Kwenye ukumbi mkubwa, Painted Hall, tazama juu, mchoraji Laguerre kachora habari za Julius Caesar kuta mpaka dari. Alafu kwenye chumba cha muziki tafuta mlango ulio wazi kidogo, nyuma yake kuna fidla inaning'inia. Sogea pole pole. Ni rangi tupu, hamna fidla, na hata ukishajua jicho bado linakataa.

Bustani ndo ipe muda mrefu. Kuna chemchemi ya mwaka 1844, Joseph Paxton, mkuu wa bustani wa Duke, aliijenga kwa ajili ya mfalme wa Urusi aliyetegemewa kuja, wakachimba ziwa zima juu ya kilima ili maji yashuke yenyewe kwa mteremko yaruke bila pampu, na jamaa hakutokea! Maji yaliwahi kufika karibu mita 90.

Sasa Edensor. Vuka daraja la mto Derwent ukate malishoni, ni kama dakika 20 hivi kwa miguu, na vaa viatu usivyovionea huruma maana kondoo wako kila mahali na mavi yao pia. Hiki kijiji zamani kilikuwa kinaonekana kutoka kwenye jumba, wakubwa hawakupenda, wakavunja nyumba na miaka ya 1830 Duke wa 6 akajenga upya pembeni. Tembea taratibu uangalie nyumba moja moja, hii paa la Uswisi, ile mnara wa Kiitaliano, hamna mbili zinazofanana. Ila watu wanaishi humo, usichungulie madirishani.

Panda makaburini nyuma ya kanisa la St Peter. Paxton yuko hapo. Juu zaidi wamelala ma-Duke, mawe ya kawaida kabisa ukilinganisha na ule ukumbi, na kati yao yuko Kathleen Kennedy, dada yake John F. Kennedy aliyekuwa rais wa Marekani. Aliolewa na mrithi wa jumba Mei 1944, mume akauawa vitani Septemba, yeye akafa kwa ajali ya ndege 1948. Kaka mtu alikuja kaburini Juni 1963, miezi michache kabla naye hajauawa, kuna jiwe linalosema hivyo.

Ukibaki na muda na basi liko vizuri malizia Bakewell ule puding yao ya lozi na jamu, nunua ile ya moto. Kama muda umebana achana nayo, bora puding ikupite kuliko basi la mwisho la Sheffield, maana teksi za huko si za kusimamisha barabarani.