Kufuatilia viota vya ndege wahamaji kwenye tundra (nyika baridi isiyo na miti) ya Alaska: somo kwa mwanafunzi anayekwenda kwa mara ya kwanza

Mwaka 2022 kinda mmoja wa aina ya Limosa lapponica, ndege wa ufukoni mwenye mdomo mrefu, akiwa amefungwa kisambaza-mawimbi cha kufuatilia safari yake, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania. Alikwenda kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua. Ndege wa namna hii huzaliana katika kiangazi kifupi sana, na kiota kikiharibika mapema Julai, mara nyingi hakuna muda wa kutaga tena. Kwa hiyo kanuni iliyo juu ya zote ni hii: afadhali upoteze takwimu kuliko upoteze kiota.

1. Vibali kwanza. Nchini Marekani kumvisha ndege pete ya namba mguuni kunahitaji kibali cha serikali kuu, na mwanafunzi hufanya kazi chini ya mwenye kibali hicho. Sehemu kubwa ya ardhi inayozunguka vijiji ni mali ya mashirika ya wenyeji asilia, kwa hiyo omba ruhusa yao kabla hujaingia.

2. Kutafuta kiota. Wawili huburuta kamba ndefu juu ya nyasi, wa tatu anafuata nyuma akiangalia ndege anapochomoka. Kazia macho mahali alipoinukia. Akishatua ataanza kuburuta bawa kana kwamba limevunjika, akikuvuta mbali na mayai, na ukimfuata umekwisha kudanganywa. Kamba ikishindwa, rudi nyuma, kaa chini, shika darubini na usubiri arejee mwenyewe. Subira hii ndiyo inayonipendeza kuliko hatua nyingine zote.

3. Kuweka alama. Chukua nukta ya jipiesi, kisha chomeka kijiti kifupi mita chache kutoka kiotani, upande uleule kwa viota vyote. Bendera nyekundu juu ya kiota ni mwaliko kwa kunguru. Usifike kiotani ukageuka kwa njia uliyojia. Pita kando yake uendelee mbele, ili nyayo na harufu yako zisiishie kwenye mayai.

4. Umri wa mayai. Hatua hii ndiyo wengi huiharakisha. Tia yai moja kwa upole katika chombo kinachoonyesha ndani, chenye maji ya uvuguvugu, kwa sekunde chache tu. Yai jipya hulala chini. Siku zikienda, ncha nene huinuka, yai husimama wima, na mwishowe huelea huku sehemu yake ikitokeza juu ya maji. Likaushe, lirudishe lilivyokuwa. Ndege wengi wa ufukoni hutaga mayai manne na kuatamia takribani wiki tatu, kwa hiyo ukijua umri unajua siku ya kurudi. Kukiwa na mvua au upepo mkali, acha.

5. Hatima ya kiota. Makinda huondoka kiotani ndani ya siku moja hivi baada ya kuanguliwa, basi mara nyingi utakuta kitupu. Pekua matandiko kwa ncha ya penseli: vipande vidogo vya ganda, vya milimita chache, ni dalili ya kuanguliwa. Ute wa njano au vipande vikubwa vilivyovunjwavunjwa huashiria mbweha au ndege mwizi.

Andika tarehe ya kila ziara, hata ile ambayo hakukuwa na jipya. Kiota kilichokufa kabla hujakiona hakimo daftarini mwako, kwa hiyo ukigawanya tu viota vilivyofaulu kwa viota vyote ulivyoviona, utapata picha nzuri kupita ukweli. Ndiyo maana tunakokotoa uwezekano wa kiota kunusurika kwa siku moja. Ukiwa 0.95, kwa siku 21 unabaki takribani 0.34. Ukiwa 0.97, unafika 0.53. Tofauti ndogo ya kila siku huwa kubwa mwisho wa msimu.

MASWALI YA WANAFUNZI

*Mwalimu, ni kweli nikigusa yai mama atalikimbia kwa sababu ya harufu yangu?*

Hapana. Kinachomfukuza ni usumbufu wa muda mrefu. Ila dawa ya mbu isiguse yai kabisa: nawa mikono vizuri au vaa glavu safi.

*Jua halizami. Tunalalaje?*

Kwa saa, siyo kwa mwanga. Huko Utqiaġvik, mji wa kaskazini kabisa mwa Alaska, jua halizami kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Agosti. Pangeni saa za kulala na mzifuate, kwa sababu aliyechoka huandika namba za pete vibaya.

*Na dubu?*

Msitembee mmoja mmoja. Pigeni kelele kwenye vichaka, dawa ya kupulizia dubu iwe kiunoni na siyo ndani ya mkoba, chakula kikae mbali na mahema. Kifaa cha mawasiliano ya setilaiti abebe mmoja wenu kila mnapotoka kambini.

*Nimekuta kiota kitupu, hakuna ganda wala ute. Niandike kimeliwa?*

Andika "haijulikani". Kukisia ili jedwali lijae kunaharibu hesabu ya msimu mzima.