Kuhamia Mji wa Bara Wenye Baridi Ukitokea Kwenye Joto

Kabla ya kununua hata soksi, jua unahamia kwenye baridi ya aina gani. Mji wa bara huwa na baridi kwa sababu mbili, na maandalizi yake hayafanani.

Ipo baridi ya mwinuko. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo mji ulio juu sana unaweza kuwa na jua la kuchoma mchana na usiku wa kujikunyata, na nyumba zake mara nyingi hazina mfumo wowote wa kupasha joto. Huko baridi inakukuta kitandani. Halafu ipo baridi ya majira, ya miji iliyo mbali na ikweta na mbali na bahari. Maji ya bahari hutunza joto na kuliachia polepole. Nchi kavu hulipoteza upesi. Kwa hiyo mji wa bara hupata kiangazi cha jasho, kisha miezi kadhaa ya kuganda. Huko nyumba ina joto, hatari iko nje ya mlango. Maelezo haya yanaegemea zaidi aina hii ya pili. Anayekwenda mlimani achukue ya mavazi, nyumba na ngozi, ya theluji ayaruke.

Usidanganywe na wastani wa joto wa mwezi, maana unachanganya mchana na usiku. Tafuta mambo matatu: joto la chini kabisa la usiku katika mwezi wa baridi zaidi, kasi ya upepo, na idadi ya siku zenye mvua au theluji. Nyuzi 10 chini ya sifuri pakiwa shwari zinavumilika kwa aliyevaa vizuri. Nyuzi hizohizo zikiwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Na mvua ya rasharasha kwenye nyuzi 2 inaweza kukutesa kuliko theluji kavu, kwa sababu nguo ikilowa haikingi tena. Wa kupigana nao ni unyevu na upepo. Namba ya kipimajoto inafuata nyuma yao.

Fika lini, beba nini

Ukiwa na hiari, fika wiki sita hadi nane kabla ya baridi kuanza. Mwili hujifunza baridi taratibu, na wewe unapata muda wa kugundua kwamba dirisha la chumbani halifungi sawasawa wakati fundi bado hajazidiwa na kazi. Anayetua katikati ya majira hujifunza yote kwa wiki moja, tena akiwa na mafua.

Koti la kukupitisha majira lisubiri ufike. Koti zinazouzwa sehemu za joto kwa kawaida ni za mapambo: kola kubwa, kitambaa kizito, hakuna kinachozuia upepo. Unachohitaji ni nguo za siku ya kwanza tu, na ziwe kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku linaloweza kuchelewa: fulana ya mikono mirefu isiyo ya pamba, sweta, jaketi la kuzuia upepo, kofia, soksi nene na viatu vya kufunika mguu.

Fanicha za mbao nzito zilizokaa miaka kwenye hewa yenye unyevu ziuze au uzigawe. Zikiingia kwenye nyumba kavu, mbao husinyaa, viungo hulegea na meza hupasuka katikati. Ngoma na gitaa hupatwa na yaleyale. Insulini ibebe mwilini, ndani ya koti. Ikiganda, hata ikiyeyuka tena, ni ya kutupa.

Mavazi

Kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa kati ya nguo, ndiyo sababu nguo tatu nyepesi zinaishinda moja nzito. Ya kwanza, inayogusa ngozi, iwe ya sufu laini au poliesta, na ibane kidogo. Isiwe pamba: pamba hunywa jasho, hulishikilia, na kukuacha umefungwa kitambaa kilicholowa. Ya pili ni ya kunasa hewa, kama sweta la sufu au jaketi la manyoya ya bandia. Ya tatu ni ngao ya upepo na maji. Koti lililojazwa manyoya ya ndege ni jepesi na lina joto sana likiwa kavu. Likilowa husinyaa na kuwa kama gunia tupu. Mji ukiwa na baridi ya majimaji, chagua lililojazwa nyuzi za viwandani.

Pima koti ukiwa umevaa sweta ndani yake. Nyanyua mikono juu: likikupanda hadi kiunoni, ni fupi. Zipu iwe na ubapa wa kitambaa nyuma yake, maana upepo hupita kwenye meno ya zipu kama kwenye chekecheke.

Kosa la wageni si kuvaa kidogo tu. Wengi huvaa kupita kiasi, hutembea haraka hadi kituoni, hupanda basi lenye joto wakiwa wamefunga kila kitu, kisha hushuka na mgongo ulioloa. Dakika kumi baadaye wanatetemeka na hawaelewi koti limekosa nini. Halijakosa kitu. Ukitoka nyumbani, hisi baridi kidogo kwa dakika tano za kwanza, mwendo utakupasha. Ukiingia ndani, fungua zipu papo hapo, vua kofia na skafu kabla jasho halijaanza.

Buti zinastahili fedha nyingi kuliko koti. Nunua zinazozidi saizi yako kwa nusu hadi moja, uzijaribu na soksi utakazovaa, na vidole viweze kuchezacheza. Kurundika soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu hupoa zaidi. Soli iwe nene, ya mpira unaobaki laini kwenye baridi. Plastiki hukakamaa na kuteleza kama sabuni. Jioni toa tabaka la ndani la kiatu likauke, mbali kidogo na hita ili gundi isiachie.

Glovu zenye vidole ni za kushikia funguo. Baridi ikikaza, vaa zile za mfuko ambazo vidole vinne hukaa pamoja na kupashana joto. Ule usemi kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani si kweli, ila masikio huganda mapema, kwa hiyo kofia iyafunike.

Nyumba

Ukienda kukagua nyumba, nenda na kipande cha karatasi ya chooni. Kipitishe polepole kwenye kingo za madirisha na chini ya mlango wa nje. Kikipepea, upepo unaingia hapo, na ankara ya joto itakuwa yako. Uliza madirisha ni ya vioo viwili? Joto limo kwenye kodi au unalipa pembeni, na ankara ya mwezi wa baridi zaidi mwaka jana ilikuwa kiasi gani? Nani anazoa theluji mlangoni? Nyumba ya kona au ya juu kabisa ina kuta nyingi zinazotazama nje, hula joto kuliko iliyo katikati.

Nyumba nyingi hupashwa na rejeta, kile chuma cha ukutani kinachopitisha maji ya moto. Kitasa chake chenye namba 1 hadi 5 hakiongezi kasi ya kupasha, kinapanga chumba kiishie wapi: namba 3 ni karibu nyuzi 20. Kukizungusha hadi 5 ili chumba kiwahi kupata joto ni kujidanganya. Kitachukua muda uleule kufika 20, kisha kitaendelea kupanda. Rejeta usiifunike kwa pazia wala usisogeze kochi mbele yake. Juu kukiwa baridi na chini moto, kuna hewa imenaswa: fungua kizibo kidogo cha pembeni kwa ufunguo wake, weka bakuli, subiri mlio wa hewa uishe na maji yaanze kutoka, kisha funga. Kwenye jengo la ghorofa mwite msimamizi. Vyumba vya kukaa visishuke chini ya nyuzi 18, hasa kukiwa na mtoto mchanga au mzee.

Hita ya umeme ya wati 2,000 ikiwaka kwa muda wa saa tano hula uniti 10. Ichomeke ukutani moja kwa moja. Waya za kuunganishia hupata moto chini ya zulia bila mtu kuona.

Jiko la mkaa lisiingie ndani kwa sababu yoyote ile, wala jiko la gesi lisitumike kupasha chumba. Nyumba za baridi zimezibwa kila upenyo, na mkaa unaoonekana hauna moshi ndio unaotoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Hung'ang'ania damu na kuizuia isibebe oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na watu hudhani ni mafua, hulala, wasiamke. Weka king'ora cha gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala.

Unyevu wa ndani ndio unaowachanganya wengi, kwa kuwa unaweza kukosea pande zote mbili. Hewa ya nje yenye nyuzi 10 chini ya sifuri, hata ikiwa na unyevu wa asilimia 80, ikiingia na kupashwa hadi nyuzi 21 unyevu wake hubaki karibu asilimia 10. Hapo midomo hupasuka, pua hutoka damu, na kila kitasa cha chuma kinakupiga shoti. Lakini familia ya watu watano kwenye vyumba viwili, wanaopika, kuoga na kuanika nguo ndani, hutoa maji mengi hewani kila siku. Yanakwenda kukaa kwenye kona za baridi na kuotesha kuvu jeusi. Usikisie. Nunua kipima unyevu na ulenge asilimia 30 hadi 50. Chini ya hapo, tumia mashine ya kuongeza unyevu. Juu ya hapo, au vioo vikitiririka maji asubuhi, fungua madirisha wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku. Hewa itabadilika kabla kuta hazijapoa. Kuacha dirisha nusu wazi kutwa nzima hupoza ukuta, na kuvu hupenda ukuta baridi. Kabati nalo lisogeze sentimita 5 hadi 10 kutoka ukuta wa nje.

Ukisafiri, usizime joto. Liache nyuzi 13 au zaidi. Maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba, na utajua siku yatakapoyeyuka.

Ngozi, nywele, mwanga

Oga maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa dakika kumi hivi. Jikaushe kwa kubonyeza taulo, kisha paka mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Losheni nyepesi uliyozoea haitatosha. Kofia ya sufu hukata nywele za mbele, kwa hiyo shonea ndani yake kitambaa cha satini. Usitoke na nywele mbichi.

Siku fupi za miezi ya baridi huchosha watu kuliko baridi yenyewe. Miezi hiyo jua liko chini mno kuifanya ngozi itengeneze vitamini D ya kutosha, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Zungumza na daktari kuhusu kipimo cha vidonge. Toka nje mchana, hata kukiwa na mawingu. Anayezidiwa na uzito wa moyo aulize kuhusu taa ya mwanga mkali ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga), ya kukaa mbele yake dakika 20 hadi 30 asubuhi.

Mwenye selimundu ajihadhari zaidi, kwani baridi huweza kuamsha maumivu makali. Apate daktari kabla ya majira kuanza. Mwenye pumu afunike pua na mdomo kwa skafu.

Barabarani

Kwenye barafu tembea kama bata: hatua fupi, unyayo mzima chini, mikono nje ya mifuko. Barafu mbaya ni ile inayofanana na lami iliyolowa. Simu ikae mfuko wa ndani, kwani betri yake huzima ghafla kwenye baridi. Kompyuta iliyotoka nje iache ndani ya begi hadi ipate joto la chumba, la sivyo mvuke utageuka kuwa maji ndani yake.

Gari linahitaji matairi ya baridi joto likianza kushuka chini ya nyuzi 7, na kipoza injini kisichoganda. Kioo kilichoganda kikwanguliwe. Ukikimwagia maji ya moto kinaweza kupasuka. Mtoto avuliwe koti nene kabla ya kufungwa mkanda, kisha afunikwe nalo kwa juu. Koti likibaki ndani, mkanda unakuwa legevu bila kuonekana.

Dalili za kutopuuza

Kidole kilichokufa ganzi, kikawa kigumu au kikageuka rangi ya majivu, kimeanza kuganda. Ingia ndani, kiloweke kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39 kwa nusu saa hivi. Usikisugue, usikipake theluji, wala usikisogeze kwenye moto, maana hakihisi na kitaungua. Kama bado utalazimika kurudi kwenye baridi, usikiyeyushe kwanza. Kuganda mara ya pili hudhuru zaidi. Malengelenge au weusi ni kazi ya hospitali.

Anayetetemeka bila kukoma, anayejikwaa na kuongea kilevi, joto la mwili wake limeanza kushuka chini ya nyuzi 35. Mvue nguo mbichi, mfunike kuanzia kifuani, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anameza vizuri. Pombe hapana: humfanya ajihisi ana joto huku likimtoka. Na akiacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, usidhani amepata nafuu. Mwili umeishiwa nguvu. Ita gari la wagonjwa.